Sura ya 6: Mafuta Yasiyo na Kazi

Mlinzi wa nyumba ya jirani yangu hapa Njiro ni Mmasai wa Longido. Usiku mmoja wa Juni, baridi ya Arusha ikiwa imeng'ata kweli, alinikuta nafunga geti.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Habari za lindo?"

"Lindo salama, mwili ndio hautulii." Alilegeza mkanda wa ngozi unaobeba sime yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Nimepima zahanati. Wanasema presha iko juu, sukari inanyemelea, na kwenye damu kuna mafuta. Wameniambia niache mafuta. Sasa nikuulize, mwalimu. Mzee wangu kule nyumbani anakula mafuta ya kondoo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Maziwa yake, nyama yake, samli yake. Amezeeka, na bado anafuata ng'ombe. Mimi hapa mjini nyama naiona sikukuu. Haya mafuta yangu yametoka wapi?"

Swali hilo nimelisikia kwa mama muuza ndizi wa Tengeru, kwa dereva wa daladala ya Ngaramtoni, na kwa wanafunzi wangu wa baiolojia miaka yote niliyofundisha. Kila mtu ana babu wa namna hiyo. Ni swali zuri, na jibu la "acha mafuta" halilitoshi.

Kando ya kiti cha mlinzi palikuwa na chupa ya chai ya rangi, chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti, na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Vishike hivyo vitu akilini, tutavirudia.

Twende kwanza buchani

Nilipokuwa nafundisha kidato cha tatu, nilikuwa napita soko la Kilombero asubuhi, nanunua moyo wa ng'ombe, naupeleka darasani kwenye beseni. Ukiupasua utaona mambo mawili. Nje, kufuata mishipa, kuna mafuta magumu ya rangi ya krimu. Ndani, nyama yenyewe ina rangi ya damu ya mzee, nzito kuliko nyama ya paja la ng'ombe huyohuyo.

Sasa weka pembeni yake kidari cha kuku wa kisasa. Ni cheupe kabisa, maana kuku huyo hajawahi kuruka hata mita kumi. Halafu pasua kidari cha njiwa, ndege anayeruka mara kwa mara. Chake ni chekundu kwa weusi, kinafanana na moyo.

Tofauti hiyo ya rangi inatokana kwa sehemu kubwa na mayoglobini, kitu chekundu kinachoshika oksijeni ndani ya misuli, ambacho huwa kingi pale penye wingi wa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa mitokondria. Mwili umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo kabisa vya uhai, na ndani ya karibu kila seli kuna mitokondria. Hizo ndizo majiko ya mwili. Zinapokea chakula kilichosagwa hadi mwisho pamoja na oksijeni tuliyovuta, zinachoma taratibu, zinatoa nishati. Nishati hiyo hufungwa kwenye kitu kinachoitwa ATP, ambacho ni kama chenji mfukoni: kila kazi ya seli, kuanzia kukunja kidole hadi kuwaza, hulipiwa kwa ATP. Misuli inayofanya kazi bila kupumzika hujaa mitokondria. Katika seli za misuli ya moyo, majiko hayo huchukua karibu theluthi moja ya nafasi yote.

Wanafunzi walikuwa wanafurahia jambo moja zaidi. Kuta za ndani za mitokondria zimejengwa kwa sehemu na mafuta ya pekee yanayoitwa kadiolipini, jina linalotokana na moyo, kwa sababu yalitengwa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye moyo wa ng'ombe, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kazi hiyo ilifanywa na mwanamke mtafiti wa New York, Mary Pangborn. Mafuta hayo ndiyo yaliyotumika kutengenezea kipimo cha kaswende cha VDRL, ambacho akina mama wengi wajawazito wamepimwa kliniki. Kwa hiyo jiko lenyewe limejengwa kwa sehemu na mafuta, na kuni zake nyingi nazo ni mafuta.

Moyo unapenda mafuta

Hapa ndipo wasomaji wengi hushtuka. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na hauna ghala la maana: ATP iliyomo ndani yake ingekwisha kwa sekunde chache tu kama majiko yangezimika. Na mtu akiwa ametulia, zaidi ya nusu ya nishati ya moyo, mara nyingi asilimia 60 hadi 70, hutoka kwenye mafuta. Sukari hutumika pia, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Moyo wenye afya una ufundi wa kubadili kuni: ukila huchoma sukari zaidi, ukifunga au ukilala huchoma mafuta zaidi, ukikimbia huchoma hata asidi inayotengenezwa na misuli ya miguu.

Moyo wa mtu mwenye kisukari hupoteza ufundi huo. Hung'ang'ania mafuta, hushindwa kutumia sukari iliyojaa kwenye damu, na hutumia oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Tatizo basi linaanzia wapi, ikiwa mafuta ni chakula cha moyo?

Kuni bila chungu

Mama yeyote anayepikia kuni analijua hili. Hawashi moto kwa sababu kuni zimejaa uani. Anawasha kwa sababu kuna chungu cha kuinjika. Mitokondria nazo ziko hivyo. Hazichomi mafuta kwa sababu yapo; zinachoma kwa sababu ATP imetumika na inadaiwa nyingine. Anayedai ni kazi: hatua unazopiga, jembe unaloinua, ndoo unayobeba, baridi unayostahimili. Mtu akikaa, ATP hutumika kidogo, na majiko yanapunguza moto hata kama mafuta yamerundikana mlangoni.

Ukirundika mkaa kwenye jiko lisilopata upepo linatoa moshi, na mitokondria iliyojazwa chakula bila kazi nayo hutoa "moshi" wake: chembe kali za oksijeni zinazounguza kuta za seli, pamoja na kuta za mitokondria yenyewe.

Mafuta yasiyochomwa lazima yakae mahali. Ghala halali ni chini ya ngozi, kwenye makalio na mapaja, na hapo hayana ugomvi mkubwa na mtu. Ghala hilo likijaa, au likiwa dogo kwa asili, yanamwagikia pasipo pake: ndani ya ini, ndani ya misuli, kuzunguka utumbo, kuzunguka moyo. Hapo ndipo kitambi kigumu kinapotoka, hata kwa mtu mwenye miguu myembamba.

Ndani ya misuli na ini, mabaki ya mafuta hayo huziba masikio ya seli. Insulini, homoni inayotolewa na kongosho ili seli zifungue mlango sukari iingie, inapiga hodi na haisikiki. Kongosho linapiga kelele zaidi, yaani linatoa insulini nyingi zaidi, kwa miaka, mpaka linachoka. Siku linapochoka ndipo mtu anaambiwa ana kisukari.

Sasa turudi kwenye chapati na chai ya mlinzi. Wanga mwingi unapoingia kwa wakati mmoja, insulini hupanda, na ndani ya seli mlango ambao mafuta hupitia kuingia kwenye mitokondria hubanwa. Mwili unaona hakuna haja ya kuchoma mafuta wakati sukari imejaa. Na sukari ya ziada, kwa mtu aliyekaa kitini saa nane za usiku, hupelekwa kwenye ini, na ini huigeuza kuwa mafuta. Huyasukuma kwenye damu kama trigliseridi, jina la mafuta ya kuni, yawe ghalani au safarini kwenye damu. Mafuta yale aliyoambiwa zahanati hakuyala kwenye nyama. Sehemu yake aliyatengeneza mwenyewe, kwa chai tamu, chapati ya ngano nyeupe na kopo la kuongeza nguvu.

*Kwa ufupi hadi hapa: moyo hula mafuta kwa kawaida. Mitokondria huchoma kulingana na kazi, sio kulingana na akiba. Mafuta yasiyo na kazi hukaa pasipo pake na kuifanya insulini isisikike. Na mafuta ya kwenye damu yanaweza kutoka kwenye sukari.*

Wamasai wa Dokta Mann

Swali la mlinzi wangu liliwahi kuvuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa Marekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuja na wenzake kuwapima Wamasai. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1964 ulihusu wanaume 400 wa Tanganyika. Wakati huo Marekani ilikuwa imeanza kuamini kwamba mafuta ya wanyama hupandisha lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya aina ya nta yanayoweza kujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu na kuizibisha. Hapa palikuwa na watu walioishi kwa maziwa na nyama. Kwa imani hiyo, mtu angetegemea kukuta mioyo imeharibika. Walikuta lehemu iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno.

Hadithi hii hupendwa sana na wanaouza vitabu vya kula nyama tupu, na wengi huikatia hapo. Mimi nataka tuimalizie. Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kupasua mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Kuta za mishipa zilikuwa na mafuta, tena si kidogo. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, hata damu ikapata njia ya kutosha. Mann aliamini upana huo ulitokana na kutembea maisha yote. Watafiti wengine walionyesha kwamba miili ya Wamasai ilijua kupunguza lehemu inayojitengenezea pale iliyoliwa inapoongezeka. Wengine wakaangalia supu: Wamasai huchemsha nyama pamoja na magome ya miti kama olkiloriti, na baadhi ya magome hayo yana kemikali zinazoweza kupunguza lehemu. Naamini yote matatu yana sehemu yake. Ila la kutembea ndilo lililopimwa upya hapa nyumbani.

Mtafiti Mtanzania, Julia Mbalilaki, na wenzake waliwapima watu 985: Wamasai, Wabantu wa vijijini na Wabantu wa mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Wamasai wengi walikula mafuta mengi na wanga kidogo, na bado walikuwa wembamba wenye lehemu nzuri. Lakini angalia matumizi ya nishati, juu ya ile ambayo mwili hutumia ukiwa umelala tu: Wamasai kalori 2,565 kwa siku, watu wa vijijini 1,500, watu wa mjini 891. Karibu mara tatu. Mzee wa Longido na mwanawe wa Njiro ni damu moja. Kinachowatenganisha ni chungu kilichoko jikoni.

Na nchi nzima imehama na mlinzi wangu. Vipimo vya vijijini vya miaka ya 1980 vilikuta kisukari kwa watu wazima chini ya asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa walio na miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa zilezile, na wa pili ulihusisha miji, lakini tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa njia za kupima peke yake.

Majiko yalipovunjika: mfano wetu wenyewe

Yupo mtu atakayesema habari hizi za mitokondria ni za maabara. Nitamkumbusha jambo ambalo Watanzania wengi waliliona kwa macho, bila kuambiwa jina lake.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure ARV, dawa za VVU, na watu waliokuwa wanabebwa kwenye machela wakaanza kutembea. Kati ya dawa za mwanzo ilikuwamo stavudini. Iliokoa maisha, na sitaki msomaji asahau hilo. Lakini baada ya muda, baadhi ya waliomeza walibadilika umbo. Mashavu yalizama, makalio yakaisha, mishipa ya miguuni ikatokeza kama kamba, huku tumbo au shingo vikinenepa. Nyayo ziliwaka moto. Mtaani watu walinong'ona: "Yule anatumia." Aibu ile iliwaumiza watu kuliko ugonjwa.

Stavudini ilikuwa inazuia kunakiliwa kwa vinasaba vya mitokondria, maana mitokondria zina vinasaba vyake zenyewe, ambavyo kila mmoja wetu alivirithi kwa mama yake. Majiko yakaharibika. Seli za mafuta za chini ya ngozi zikafa, ghala halali likafungwa, mafuta yakahamia tumboni na kwenye damu. Kwa baadhi yao, insulini nayo ikaacha kusikika. Watu hawa hawakuwa wamebadili sahani zao. Ndio maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iondolewe taratibu, na ikaondolewa. Dawa za sasa ni nyingine kabisa. Yeyote anayezitumia asiache hata kidonge kimoja kwa sababu ya aya hii.

Kwangu mimi, huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba jiko lina uzito sawa na kuni.

Je, aina ya mafuta haina maana?

Ina maana kubwa, na sitaki Wamasai wa Mann wamfanye mtu adhani vinginevyo. Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, walilijaribu kwa taifa zima. Mwaka 1987 walianza kampeni ya afya, na mafuta ya mgawo yaliyokuwa na mawese kwa wingi yakabadilishwa kuwa ya soya. Ndani ya miaka 5 wastani wa lehemu ulishuka kutoka kama milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Hicho ni kiasi ambacho daktari angefurahi kukiona kwa mgonjwa mmoja. Wao walikipata kwa watu wazima wa nchi nzima.

Kwa jiko la Arusha, mimi nayapanga hivi:

- Alizeti na soya. Yana asidi ya linoleiki, mafuta ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza, na ambayo moyo huyatumia kujengea kadiolipini. Hata hivyo kijiko ni kijiko: gramu moja ya mafuta yoyote ni kalori 9.
- Parachichi na karanga. Miteremko ya Meru imejaa parachichi. Nusu tunda badala ya siagi kwenye mkate ni mabadiliko mazuri.
- Mawese, samli, mafuta ya nyama. Yana mafuta mazito kwa wingi, yanayopandisha lehemu kwa watu wengi. Anayekaa ofisini asijilinganishe na mchungaji.
- Mafuta ya mgando ya kiwandani yasiyo na maelezo, na mafuta ya chipsi yaliyochemka siku nzima. Haya nayakataa. Ukiona kikaangio kimekuwa cheusi na mafuta yanatoa povu, pita.

Wiki mbili za Moshi

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwa majirani zetu wa Moshi, ukiongozwa na watafiti wa hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, akiwamo Mtanzania Godfrey Temba. Vijana wa kiume 77 wenye afya walishiriki. Baadhi ya waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro walipewa vyakula vya kisasa vya kukaangwa na vilivyosindikwa kwa wiki mbili. Wa mjini wakapewa vya asili, mboga, maharage, ndizi, nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia vyakula vya kisasa walionyesha dalili za mwako ndani ya damu, ile hali ya mwili kuwa kama unapigana na kidonda kisichoonekana, na askari wa mwili wao walilegea mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye vya asili walikwenda upande wa pili. Baadhi ya mabadiliko yalikuwepo hata wiki nne baadaye.

Walikuwa vijana wazima, na muda ulikuwa wiki mbili tu. Nilipousoma utafiti huo nilifikiria loshoro, makande na mtori, vyakula ambavyo watoto wetu wameanza kuvionea haya.

Majiko huongezeka

Mwaka 1967, John Holloszy wa St. Louis, Marekani, aliwakimbiza panya kwa wiki kadhaa, kisha akapima misuli yao. Uwezo wa mitokondria wa kuchoma chakula ulikuwa umeongezeka karibu mara mbili. Tangu hapo jambo hilo limethibitishwa kwa binadamu, wakiwamo wazee na wenye kisukari. Msuli unaodaiwa kazi mara kwa mara hujenga majiko mapya, na huanza ndani ya wiki chache. Ndiyo siri mojawapo ya wakimbiaji unaowaona alfajiri barabara ya Ngaramtoni, na ya mama wa Ilboru anayeshusha mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Huhitaji kuwa mkimbiaji. Misuli ya mapaja ni miongoni mwa mikubwa zaidi, na kutembea kwa haraka dakika kumi au kumi na tano baada ya kula huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapopiga hodi bila kusikika. Wenye presha ya juu sana, au wanaobanwa kifua wakipanda mlima, waanzie kwa daktari.

Dawa nazo zina nafasi yake. Metformini, ambayo wagonjwa wengi wa sukari wanaanzishiwa, hufanya sehemu ya kazi yake humohumo kwenye mitokondria za ini. Mtu akipewa, aitumie.

Mkanda wa sime

Nilimweleza mlinzi haya kwa mikupuo, usiku baada ya usiku. Tulikubaliana mambo matatu: chai isiwe na sukari, kopo la kuongeza nguvu aliache, na kila saa azunguke ukuta wa nyumba mara sita badala ya kumulika tochi akiwa kitini. Dawa ya presha aliendelea nayo. Toyo, yaani pikipiki, ya kumtoa Kwa Mrombo hadi Njiro aliiacha mwenyewe, kwa kubana matumizi.

Oktoba alinigongea. Alikuwa na karatasi ya zahanati: sukari imeshuka kidogo, trigliseridi zimeshuka zaidi, presha bado inadai kidonge. Karatasi hiyo hakuitilia maanani sana. Alifungua mkanda wa sime akaunyoosha chini ya taa ya geti. Matundu mawili ya mwisho, kuelekea nchani, aliyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto baada ya kuhamia mjini, na kingo zake bado zilikuwa nyeusi. Akaweka kidole kwenye tundu la tatu, lile la zamani lililotanuka na kung'aa kwa kutumika tangu akiwa morani.

"Hapa," alisema. "Nimerudi hapa tangu Jumatatu."